Daftari la mazishi la Arua na video za madaktari wa nje

Swali: Daktari, salaam. Mimi ni mama wa biashara hapa Arua, na ndiye mwandishi wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Madaftari yote ninayo tangu tuanze. Kabla ya korona tulikuwa tunazika wanachama saba hivi kwa mwaka, mara sita, mara wanane. Mwaka jana tumezika kumi na mmoja. Mmoja wao ni mtoto wa dada yangu, kijana wa boda, naye alikuwa mwanachama. Alianguka akiosha pikipiki, akawa amekwenda. Sasa kwenye simu zinapita video za madaktari wa Uingereza na Australia wanaosema vifo vimezidi nchini kwao na serikali hazitaki kutoa sababu. Wengine wanasema ni chanjo. Wanachama wananiuliza mimi. Je, ni kweli? Na madaktari wetu wa Uganda mbona wamenyamaza?

Jibu: Mama, pole sana kwa msiba wa mtoto wa dada yako, na poleni nyote wa chama.

Naomba nianze na daftari lako, kwa sababu lina thamani kuliko video yoyote iliyopita kwenye simu yako. Kutoka saba hadi kumi na mmoja ni kishindo, sikatai. Lakini namba ndogo huruka zenyewe. Tuseme hakuna chochote kilichobadilika, na kawaida yenu ni vifo saba kwa mwaka. Hesabu za bahati zinaonyesha kwamba mwaka wa vifo kumi na kimoja au zaidi utawafikia takriban mara moja katika kila miaka kumi, bila ugonjwa mpya, bila sumu, bila mkono wa mtu. Arua ina vyama vya kuzikana vya soko, vya msikiti, vya parokia, vya ukoo, vya stendi. Kila mwaka baadhi yao watapata mwaka mbaya kama wenu, na wengine watazika wanne tu. Aliyezika wanne haniandikii barua.

Halafu hukuniambia wanachama ni wangapi, wala wana umri gani, na hapo ndipo penye uzito. Kwa watu wazima sehemu nyingi za dunia, hatari ya kufa huongezeka maradufu kila miaka minane au tisa ya umri. Chama kilichoanzishwa na akina mama wa miaka arobaini na mitano hakibaki na miaka arobaini na mitano. Kinazeeka pamoja nao. Piga hesabu ya juu juu: chama kilichozika saba kabla ya korona, kisichoingiza damu changa, miaka sita baadaye kingetarajiwa kuzika kumi na mmoja hivi kwa kuzeeka peke yake. Sisemi ndivyo ilivyo kwenu. Mtoto wa dada yako ni ushahidi kwamba vijana wamo, ila ni wangapi? Kama mlikuwa wanachama mia moja na sasa mko mia na hamsini, pia jibu linabadilika. Daftari linaloandika waliokufa bila kuandika walio hai haliwezi kusema kama kifo kimeongezeka.

Hilo ndilo jambo lenyewe katika ugomvi wote unaousikia. Vifo vya ziada ni hesabu ya kutoa: waliokufa, ukitoa waliotarajiwa kufa. Waliokufa wanahesabika. Waliotarajiwa hakuna aliyewaona, wanakadiriwa. Wewe ni mfanyabiashara, unajua kwamba faida haionekani kwa kutazama fedha zilizomo kwenye sanduku jioni. Sharti ujue uliamka na mtaji gani, na aliyekosea mtaji, faida yake ni hadithi.

Tazama Uingereza. Ofisi yao ya Taifa ya Takwimu ilikuwa inalinganisha vifo vya mwaka na wastani wa miaka mitano. Februari 2024 ikabadili mbinu, ikaanza kuzingatia kwamba watu wameongezeka na wazee wamekuwa wengi. Vifo vya ziada vya mwaka 2023, ambavyo kwa mbinu ya zamani vilikuwa 31,442, vikashuka hadi 10,994. Hakuna maiti aliyefufuka. Kilichobadilika ni matarajio tu. Waliokuwa na shaka wakasema serikali inaficha makaburi kwa kalamu. Mimi naona mbinu mpya ni sahihi zaidi, maana kulinganisha nchi iliyozeeka na ujana wake ni kuonea. Lakini namuelewa anayeshtuka akiona namba imepungua kwa theluthi mbili kwa siku moja.

Sasa, je, vifo vilizidi huko nje? Ndiyo, na hapo madaktari wa kwenye video hawadanganyi. Australia mwaka 2022 wataalamu wa hesabu za bima walikuta vifo 20,200 zaidi ya vilivyotarajiwa, ongezeko la asilimia 12. Takriban nusu yake ilikuwa korona yenyewe, ambayo ilikuwa imeingia nchini kwa kishindo baada ya mipaka kufunguliwa. Nusu ya pili ndiyo iliyozua maneno, hadi Seneti ya Australia ikaunda uchunguzi mwaka 2024. Kuuliza nusu ya pili imetoka wapi ni swali halali kabisa. Mtu asikutishe kwamba kuuliza ni uhaini.

Ila ukiwasikiliza madaktari hao kwa makini utagundua hawasemi kitu kimoja. Januari 2023, Adrian Boyle, rais wa chuo cha madaktari wa dharura wa Uingereza, alisema hadharani kwamba huenda watu 300 hadi 500 wanakufa kila wiki kwa sababu ya kucheleweshwa kwa huduma za dharura. Wakuu wa huduma ya afya wa England wakaipinga namba hiyo, si swali lake. Huyo ni daktari anayehoji vifo vya ziada, na jibu lake ni vitanda, wauguzi na magari ya wagonjwa. Miezi michache kabla yake, Aseem Malhotra, daktari wa moyo wa London ambaye mwenyewe alikuwa amechanjwa na baba yake alifariki ghafla mwaka 2021, alitaka chanjo za mRNA, yaani za Pfizer na Moderna, zisimamishwe. Wote wawili ni madaktari, wote wamesema wazi, na majibu yao yako mbali kama Koboko na Kabale. Video inapokuambia kwamba madaktari wanahoji, uliza ni nani na anahoji nini.

Kisha kuna makala iliyotoka Juni 2024 katika jarida la BMJ Public Health, ambayo naamini ndiyo mzizi wa video nyingi unazoziona. Watafiti wa Uholanzi walijumlisha vifo vya ziada vya nchi 47 kuanzia 2020 hadi mwisho wa 2022, wakapata zaidi ya milioni tatu, kisha wakaandika kwamba serikali zinapaswa kuchunguza sababu. Makala haikuthibitisha kwamba chanjo ndiyo iliyoua. Haikulinganisha hata waliochanjwa na wasiochanjwa. Magazeti mengine yakaandika kana kwamba imethibitisha. Jarida lenyewe likatoa tahadhari juu ya makala ile, na hospitali ya watoto wenye saratani wanakofanya kazi baadhi ya waandishi ikajitenga nayo. Kilichofika Arua ni kichwa cha habari tu, tahadhari ilibaki njiani.

Nikuambie ninavyoona kuhusu chanjo, bila kuzunguka. Chanjo za korona zina madhara yanayojulikana, na baadhi yameua. AstraZeneca, ambayo ndiyo iliyotangulia kuingia Uganda, ilisababisha kuganda kwa damu kwa mtu mmoja au wawili katika kila laki moja. Pfizer na Moderna zimesababisha uvimbe wa misuli ya moyo, zaidi kwa wavulana na vijana wa kiume, mara nyingi ndani ya wiki moja baada ya dozi ya pili. Wengi wao wamepona. Daktari anayesema hakuna madhara kabisa anawapa nguvu wale wanaosema madhara ndiyo kila kitu. Lakini madhara ya mmoja katika laki hayawezi kubeba vifo vya ziada vya taifa zima. Na tarehe zinakataa pia. Peru ilizika watu kwa wingi wa kutisha mwaka 2020, chanjo haijafika. Walianza kuchanja Februari 2021. New Zealand walichanja karibu watu wazima wote, na ukijumlisha miaka ya 2020 hadi 2023, vifo vyao vya ziada vinakaribia sifuri. Kama sindano ndiyo ingekuwa muuaji mkuu, New Zealand ndiyo ingelia na Peru ya 2020 ingepumua.

Peru inafaa kukumbukwa kwa jambo lingine. Tarehe 31 Mei 2021 serikali yake ilirekebisha idadi ya waliokufa kwa korona kutoka takriban 69,000 hadi zaidi ya 180,000, baada ya kamati kupitia kumbukumbu za vifo. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu kumbukumbu zilikuwepo.

Na hapa sasa tufike nyumbani.

Mgonjwa wa kwanza wa korona Uganda alitangazwa tarehe 21 Machi 2020. Magari yakasimamishwa, kafyu ikaja, na kwa muda hata mama mjamzito alihitaji ruhusa ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, ili apandishwe gari kwenda kujifungua. Chanjo zilianza tarehe 10 Machi 2021, na shehena za mwanzo zilikuwa dozi 964,000 kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni arobaini. Juni mwaka huo likaja wimbi la Delta, lile la kutafuta oksijeni usiku kucha. Panga tarehe hizo mstari mmoja uone: wimbi lililotuzikisha zaidi lilitukuta wengi wetu hatujaguswa na sindano. Kampeni kubwa za kuchanja zilikuja mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022.

Idadi rasmi ya waliokufa kwa korona Uganda ni 3,600 na kidogo. Hakuna mtaalamu ninayemjua anayeamini kwamba hao ndio wote. Hao ni waliopimwa, wakakutwa nayo, wakafia mahali penye kalamu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba duniani, kwa miaka ya 2020 na 2021, vifo vya ziada vilikuwa milioni 14.9, wakati vilivyoripotiwa kuwa vya korona vilikuwa milioni 5.4. Ila makadirio ya nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, yalitoka kwenye modeli za kompyuta, kwa kuwa hesabu ya makaburi haikuwepo. Kwa hiyo mtu akikuletea namba ya vifo vya ziada vya Uganda yenye tarakimu mpaka ya mwisho, muulize nani alihesabu.

Wenzetu wa kusini walionyesha kinachowezekana. Lusaka, Zambia, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walipima miili 364 katika chumba cha maiti cha hospitali kubwa ya chuo kikuu. Wakakuta virusi vya korona kwa 58, na wengi wao hawakuwa wamepimwa wakiwa hai. Wakati huo huo watu walikuwa wanaandika kwamba Afrika imeepushwa. Haikuwa imeepushwa. Haikuwa imepima.

Uganda vifo vingi havifiki popote. Kisheria kifo kinapaswa kuandikishwa NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili. Kilichotokea hospitalini, hospitali ianzishe taarifa. Cha nyumbani, jamaa waipeleke. Kuna nani anayekwenda? Anayehitaji cheti kwa ajili ya benki, pensheni au kesi ya shamba. Bibi aliyekufa kijijini Terego bila akaunti wala hati ya ardhi anazikwa kesho yake, na kwa dola ya Uganda bado yuko hai.

Hata penye namba, kulinganisha kuna mitego. Sensa ya 2014 ilihesabu watu milioni 34.6, ya 2024, milioni 45.9. Kiwango cha kifo kikibaki vile vile, jumla ya vifo itaongezeka karibu theluthi moja kwa sababu tu tumekuwa wengi. Na kwenu kuna mtego wa ziada: wilaya ya Arua ya 2018 si Arua ya leo. Madi-Okollo ilijitenga 2019, Terego ikatoka 2020, na jiji likaanza Julai mwaka huo huo. Mtu akichukua takwimu za Arua za zamani na za sasa akazilinganisha bila kujua hilo, atagundua muujiza wowote anaoutaka. Nimewahi kuona mchoro wa namna hiyo ukionyeshwa kwenye mkutano, na waliokaa mbele wakitikisa vichwa kwa huzuni.

Tunachokijua kwa uhakika zaidi ni hiki. Kwa watoto na akina mama wanaojifungua, kifo kimepungua, hakikuongezeka. Uchunguzi wa taifa wa 2016 ulikuta watoto 64 katika kila 1,000 wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ukakuta 52. Vifo vya uzazi vilishuka kutoka 336 hadi 189 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Hiyo ni hatua kubwa, na imetokea katika kipindi hicho hicho ambacho video zinasema dunia nzima inaangamia.

Barabarani ni kinyume. Polisi walihesabu waliokufa kwa ajali 3,663 mwaka 2020, mwaka wa kufungiwa. 4,534 mwaka 2022. 4,806 mwaka 2023. 5,144 mwaka 2024. Hapo una ongezeko la kweli, lenye majina na namba za magari, linaloua vijana hasa, na wa boda ni sehemu yake kubwa. Sijatumiwa hata video moja inayouliza serikali inaficha nini kuhusu hilo. Malaria nayo: uchunguzi wa 2018 na 2019 ulikuta vimelea kwa asilimia 22 ya watoto wadogo wa West Nile, kanda yenu, wakati wastani wa taifa ulikuwa 9, na mwaka 2022 ugonjwa ulifumuka upya katika wilaya nyingi, za kwenu zikiwemo. Kama wenzako wanatafuta muuaji aliyejificha, wa West Nile hajajificha, analia sikioni kila usiku.

Kuhusu kijana wenu. Kifo cha ghafla cha mtu mzima kinauma kwa namna yake, kwa sababu hakiachi hadithi ya ugonjwa ya kuwasimulia watu, na pengo hilo hujazwa na chochote kilicho karibu: zamani uchawi, leo sindano. Hospitalini huenda waliandika kwamba moyo ulisimama. Nimesoma karatasi nyingi zilizoandikwa hivyo, na sijakutana bado na marehemu ambaye moyo wake uliendelea kupiga. Hiyo si sababu, ni kifo chenyewe kikitajwa kwa maneno mengine. Fomu ya sababu ya kifo ina mistari ya kueleza nini kilileta nini, kutoka chini hadi juu, na daktari mwenye wagonjwa sitini nje ya mlango hujaza mstari mmoja na kuendelea.

Bila kupasua mwili sitajua, na wewe hutajua. Ninachoweza ni kukutajia kinachoua vijana wa umri wake kwa namna hiyo. Presha isiyojulikana ambayo huleta kiharusi au moyo kushindwa: uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikuta mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha, na miongoni mwao chini ya mmoja katika kumi ndiye aliyekuwa anajua. Valvu za moyo zilizoharibika utotoni kwa maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Misuli ya moyo yenye unene wa kurithi. Hitilafu ya umeme wa moyo. Kifafa. Pombe kali. Na kwa dereva wa boda, pigo la kichwa la siku chache nyuma ambalo alilipuuza. Kama alichanjwa wakati wa kampeni za 2021 au 2022 na akafa mwaka jana, chanjo iko chini kabisa katika orodha yangu, kwa kuwa uvimbe wa moyo wa chanjo huonekana ndani ya siku, si miaka. Magonjwa mawili kati ya niliyotaja hutembea katika damu ya familia. Wadogo zake na kaka zake wapimwe presha na wasikilizwe moyo, na wamwambie daktari waziwazi kwamba ndugu yao alianguka ghafla. Maneno hayo hubadilisha vipimo atakavyoagiza. Hili lifanyike mwezi huu, kabla ya hesabu nyingine zote.

Sasa madaktari kunyamaza. Kwanza, hawakunyamaza kila mara. Juni 2021 walisema hadharani kwamba oksijeni haitoshi na wenzao wanakufa. Pili, aliyeajiriwa na serikali anabanwa na kanuni za utumishi. Haongei na waandishi wa habari bila ruhusa ya mkubwa wake, na wengi wana watoto wa kulipia ada. Hilo silipendi na nimelisema mahali pengine. Lakini sababu kubwa ni ya tatu: daktari wa Uingereza anayepiga kelele ameshika jedwali la kila wiki lenye kila kifo cha nchi, umri na mahali. Daktari wa Arua ameshika alichokiona wodini. Akisema vifo vimezidi, ataulizwa vimezidi nini, na hana mtaji wa kutoa. Panapokuwa na utaratibu wa kuhesabu, wanasema: kifo cha mama mzazi hospitalini kinatakiwa kuripotiwa ndani ya saa 24 na kujadiliwa ndani ya siku 7, na ndiyo maana mjadala wa vifo vya uzazi Uganda una meno.

Nchi hii imewahi kutoa madaktari waliohoji vifo vilivyozidi kabla dunia haijataka kusikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye mwalo wa Kasensero kando ya ziwa, wakati huo ikiwa Rakai, wafanyabiashara wa magendo walianza kukonda, kuharisha na kufa. Watu wakasema ni uchawi wa wenzao wa ng'ambo ya mpaka waliodhulumiwa mali. Madaktari kama David Serwadda na Nelson Sewankambo hawakuishia kusema watu wanakufa mno. Walieleza dalili, wakachukua damu za wagonjwa na za watu wenye afya, wakalinganisha, na Oktoba 1985 wakaandika katika jarida la kitabibu la Lancet kwamba ugonjwa huu, ambao tuliuita silimu, unakwenda pamoja na virusi vilevile vilivyokuwa vinaua Marekani, virusi vya UKIMWI. Hata hapo ilikuwa bado haijajulikana silimu inabeba sehemu gani ya vifo vyote. Hilo lilihitaji hesabu. Kuanzia 1989 vijiji vya Kyamulibwa, Masaka ya zamani, viliandikishwa mtu kwa mtu, nyumba kwa nyumba, wazima kwa wagonjwa. Na mwaka 1994 watafiti wakaweza kuonyesha kwamba takriban nusu ya vifo vya watu wazima huko vilitokana na virusi hivyo.

Wenye video wamesimama kwenye hatua ya kwanza, ile ya kushtuka, wakaruka mpaka kwenye hukumu. Katikati hakuna damu iliyolinganishwa wala kijiji kilichoandikishwa. Wengine nchini kwao wanaidai hiyo kazi ya katikati ifanyike, na hao nawaunga mkono: serikali zitoe takwimu za vifo kwa umri na kwa hali ya chanjo, zisizo na majina, kila mtafiti azipige hesabu. Uingereza ilitoa kwa muda. Kadiri namba zinavyofungiwa kabatini, ndivyo wenye video wanavyonenepa.

Wewe, mama, uko karibu na Kyamulibwa kuliko wao. Kila Januari andika wanachama wote walio hai, wangapi wako chini ya miaka thelathini, wangapi kati ya thelathini na hamsini, wangapi wamepita hapo. Kila anayekufa mwandikie umri, jinsia, tarehe, alifia nyumbani au hospitalini au njiani, aliugua muda gani, dalili zake zilikuwa nini, alikuwa na presha, sukari au ugonjwa mwingine uliojulikana, kama ilikuwa ajali, na alichanjwa chanjo gani na lini. Ndiyo, na ya chanjo pia iandike. Swali likipata safu yake kwenye daftari, halihitaji tena kugombaniwa baada ya dua. Waulize wafiwa baada ya wiki chache, si kaburini. Watafiti wa Makerere kule Iganga na Mayuge hufanya mahojiano ya namna hiyo, na dalili zikielezwa vizuri hutoa sababu inayokaribia ukweli hata pasipo daktari.

Chama chenu kimoja bado kitakuwa kidogo. Tafuteni vyama vingine ishirini vinavyoandika hivyo hivyo, mkubaliane safu moja, na ndani ya miaka mitatu mtaweza kusema kitu kuhusu jiji la Arua ambacho hakuna anayeweza kukisema leo. Ofisi ya afya ina mtakwimu wake, na kazi yake ni namba za namna hiyo. Mpelekee nakala tu, daftari lenyewe libaki nyumbani. Madaftari huingia maofisini kwa urahisi, kutoka ndiyo shida.